Sindano za Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Mama mkwe amekuja kazini kwangu leo. Kwa mlango wa nyuma.

Dereva wa lori, yule mgonjwa wangu wa mgongo, alikuwa ametoka tu. Nabadilisha karatasi ya kitanda, nasikia mlango wa uani unagongwa — ule wa kutolea taka. Nafungua, namkuta kasimama katikati ya mapipa, mkoba kwapani, kilemba kimenyooka kama anakwenda kukagua shule. Nikamuuliza, Mama, nani kafa? Akasema hakuna aliyekufa, nipishe niingie kabla watu wa duka la miwani hapo mbele hawajaniona.

Huyu ndiye aliyemwambia mwanawe, nilipopelekwa kutambulishwa, kwamba kati ya wanawake wote amechagua fundi cherehani wa watu, maana natibu kwa sindano za Kichina, zile nyembamba zisizo na dawa ndani. Miaka yote ya ndoa yetu hajakanyaga hapa. Mwalimu mkuu mstaafu. Waliosoma kwake, wengine sasa wana wajukuu, bado wanamwita Kengele, na bado wanaficha sigara wakimwona.

Akakaa kiti cha wagonjwa. Kisha, akiutazama ukuta: tumbo. Tangu ujana choo chake ni cha taabu, lakini mwaka huu kimezidi. Papai kala, maji kanywa, sanamaki kachemsha, wapi. Ila neno lenyewe halikutoka kinywani mwake. Alisema "mahudhurio". Mahudhurio yamekuwa mabaya sana. Niliuma shavu kwa ndani nisicheke.

Na hospitali? Hataki kusikia. Daktari mkuu wa pale alikuwa mwanafunzi wake. "Nilimchapa mbele ya shule nzima. Leo nimvulie nguo?"

Nikamlaza. Sindano pembeni mwa kitovu, huku na huku. Kwenye miundi, chini kidogo ya magoti. Kwenye mikono. Nikamsogezea taa ya joto juu ya tumbo. Alikuwa amefumba macho na kukaza meno, anangoja kuchomwa. Nikamwambia zimeshaingia. Akafumbua jicho moja. "Zote?" Zote, Mama. "Mbona sikusikia kitu?" Kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Wakati wa kutoka akaninyooshea kidole: mwanangu asijue. Nikaapa. Kwa furaha niliyokuwa nayo ningeapa chochote.

Jumatano, 6 Machi

Ujumbe kwenye simu asubuhi: Mahudhurio kamili. Asante.

Basi. Hakuna salamu, hakuna nukta ya ziada. Nimeusoma nikiwa sokoni, nimeusoma jikoni. Mume wangu anauliza nani ananichekesha. Nikasema mgonjwa.

Jumamosi, 9 Machi

Amerudi. Mlango wa nyuma tena, lakini safari hii alisalimia kabla ya kutoa amri.

Watu wakilala na sindano mwilini husema mambo. Wengi wao ni hivyo, labda kwa sababu hawawezi kuinuka wakaondoka. Mama alianza kuzungumza na dari. Kwamba baba mkwe alipofariki alirudi darasani siku ya tatu, chaki mkononi, kwa sababu nyumbani hakukuwa na mtu wa kumwona akilia wala wa kumzuia. Kwamba mwanawe, fundi wa lifti huyu ninayelala naye, alikuwa anaogopa giza hadi amekuwa na ndevu. Nilicheka, naye akacheka, tumbo likatikisika, sindano zikacheza. Nikamwambia Mama usicheke utajichoma. Akasema, "Basi usinichekeshe, mwanangu."

Mwanangu.

Sijui kama alilisikia mwenyewe. Mimi nililisikia. Nilijifanya natafuta pamba.

Ijumaa, 15 Machi

Leo nikamuuliza yale ninayowauliza wote, ambayo siku ya kwanza niliyaruka kwa kumwogopa. Damu? Bawasiri, kasema. Ya zamani, tangu uzazi. Nyingi? "Bawasiri ni bawasiri." Njaa je? Mtu mzima hali kama kijana.

Alipovaa sketi niliona kiunoni ameikaza kwa pini kubwa. Kitambaa kimekunjwa mara mbili. Nikasema Mama umepungua. Akasema ameacha sukari, na mimi nijaribu pia, ingenisaidia.

Nikacheka. Jibu lilikuwa zuri, tena la kwake kabisa. Nikalichukua.

Jumanne, 26 Machi

Jumapili tulikula kwake. Wifi alikuwepo na watoto wake. Mama akanipakulia mimi kwanza — kabla ya mwanawe! Wifi akanitazama kama ameona kuku anaendesha gari. Halafu Mama akasema mbele ya meza nzima kwamba watu wanadharau kazi za wenzao bila kuzijua. Hakufafanua. Mume wangu chini ya meza akanibana goti.

Njiani alikuwa anapiga mluzi. Sijui umemfanya nini mama yangu, amesema, lakini endelea.

Nilikuwa bado naiona sahani ya Mama. Aligeuza chakula huku na huku, akakipanga pembeni vizuri kama mtu anayefagia uwanja, akafunika kwa kijiko. Hakuna aliyeona. Labda na mimi nimeona vibaya.

Alhamisi, 11 Aprili

Mkono umesimama.

Kabla ya kuchoma huwa nalipapasa tumbo, polepole, kwa vidole bapa. Kwa Mama nimezoea: huku laini, huku gesi, huku kinyesi kimejipanga. Kinyesi ukikibonyeza kinabonyea. Mtu akienda haja, kesho hakipo.

Leo upande wa kushoto, chini, kuna kitu. Nimekibonyeza hakikubonyea. Nikaenda kwingine, nikarudi. Kipo. Nikamuuliza kama amekwenda leo. Amekwenda, asubuhi. "Lakini wanafunzi wamekuwa wembamba," akasema. Wembamba vipi? Akainua kidole kidogo, akakifikiria, akakishusha. "Kama penseli."

Tangu lini? Tangu kabla hajaja kwangu.

Nilichoma mbali na pale. Akaniuliza mbona leo umenyamaza. Nikasema nimechoka. Akasema pole mwanangu, unafanya kazi sana, ukapumzike. Alilala usingizi kabisa chini ya taa, mdomo wazi kidogo. Mwanga mwekundu ulimwangukia usoni, na hata hivyo uso ulikuwa hauna rangi. Kope za ndani nyeupe. Viganja vyeupe.

Nilinawa mikono mpaka ngozi ikakunjamana.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimemuuliza daktari wa meno, mlango wa pili. Nikazunguka: nina mgonjwa mmoja wa tumbo, mama mtu mzima. Alianza na utani wake, kwamba yeye na mimi tunatibu mrija mmoja wa chakula, ni vile tu tumeshika ncha tofauti. Nikaendelea: choo chembamba, damu, amekonda, kitu kigumu kushoto. Akaacha kutabasamu. Akauliza, huyo bado yuko kwako anachomwa sindano?

Nikasema ndiyo.

Akavua glavu taratibu. Akasema yeye ni wa meno tu, lakini mama huyo angekuwa wa kwake tusingekuwa tunazungumza hapa mlangoni, angekuwa ameshampeleka hospitali.

Niliyajua yote hayo. Mwalimu wetu chuoni alituimbia: sindano inatuliza, na kinachotulia si lazima kiwe kimepona. Nilikuwa nakaa dawati la mbele. Nilijua. Ila kwa mwezi mzima kila alipoondoka akiwa mwepesi, mimi nilikuwa mwepesi pia.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia.

Alikuwa ameshavua viatu na kuvipanga. Nikamwambia Mama, leo sichomi. Keti kwanza. Nikamweleza kwa maneno ya kawaida: kuna kitu nimekigusa, sikijui, mimi sina macho ya kuona ndani, hospitali wanayo. Kesho kutwa nitakwenda naye mwenyewe. Hospitali nyingine, si ya yule aliyemchapa.

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha. Alinitazama kama mtu aliyeletewa habari za jana.

"Unanifukuza," akasema.

"Sikufukuzi, Mama. Nakusindikiza."

"Mimi nimekuja kwa ajili ya choo. Choo kinatoka. Umekitoa wewe, kwa mikono yako. Sasa unataka nini tena?"

"Nataka wakupige picha. Picha haiumi."

Akaanza kuvaa viatu. Kamba ikamshinda, nikapiga magoti nimfungie. Aliniachia. Na pale juu ya kichwa changu, kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake, akasema: "Dada yangu walimpiga picha. Kisha wakampasua. Wakachungulia, wakamshona, wakatuambia tumchukue nyumbani. Aliingia kwa miguu yake."

Nikasema huyo ni dada, na zamani ile si sasa.

Akainuka. Kengele ikarudi. "Uliniapia. Ukimwambia mwanangu, usiniite Mama tena." Na mlangoni, bila kugeuka: "Nilisema tangu mwanzo. Fundi cherehani."

Ametoka kwa mlango wa mbele. Watu wa duka la miwani wote wamemwona. Hakujali.

Jumatatu, 22 Aprili

Mume wangu: mmegombana? Mama hapokei simu yangu vizuri, akitajiwa jina lako anabadilisha mazungumzo.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajifuta grisi ya lifti kwenye kucha kwa kitambaa. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Lilikuwa neno moja tu. Nikasema, mambo ya wanawake, yatakwisha.

Akasema afadhali, maana siku zile zilikuwa nzuri.

Kuna methali juu ya mtu anayeficha maradhi. Kila Mswahili anaijua. Sitaki kuiandika humu.

Jumapili, 28 Aprili

Ujumbe wa Mama: Nimepata mtaalamu mwingine. Usihangaike.

Mtaani kwetu mwingine wa sindano ni mmoja tu, namjua. Yule wa ghorofani, juu ya duka la wauza vioo. Bango lake la anayotibu linaanzia upara na kuishia kukosa kazi. Na sindano anazo, nene, anazifunga nyaya za umeme mgonjwa anarukaruka kama samaki kwenye ndoo.

Nikaenda nyumbani kwa Mama moja kwa moja, bila kubadilisha viatu. Mlango umefungwa. Akaja dirishani, akafungua kioo kiasi cha uso. Nimekaa naye mbali wiki moja tu! Mashavu yameingia. Shingoni kamba zimesimama.

Nikamuuliza amepewa nini. Akanionyesha chupa, kwa kujivuna kidogo: haluli, dawa ya kuharisha. Kali. Mtaalamu kamwambia tumbo lake limeziba uchafu wa miaka, halitaki kubembelezwa kwa visindano vya kitoto, linataka kusukumwa.

"Mama, usiinywe. Nakuomba. Kama njia imeziba ukisukuma nyuma—"

"Wewe ulikataa kunitibu."

"Basi njoo. Nitakuchoma leo, kesho twende hospitali pamoja."

Nilimwambia hivyo. Nilikuwa tayari kumhonga kwa sindano zangu. Alinitazama muda mrefu, nikadhani anakuja. Kisha akasema jua linaingia ndani, akafunga kioo.

Nilisimama pale uani. Jirani yake alikuwa anaanika nguo, akanisalimia, akasema mama yenu siku hizi kapendeza, kawa mwembamba kama msichana.

Jumatano, 1 Mei

Nimeamua. Leo jioni namwambia mume wangu, anichukie Mama, anichukie yeye, wanichukie wote.

Baadaye — amepiga simu. Lifti ya jengo la bima imekwama na watu ndani, wamewatoa, lakini kamba lazima ibadilishwe, atalala hukohuko kazini. Alikuwa anapiga kelele ili nimsikie. Nikasema nina jambo. Akasema nini? Nikasema la kuzungumza tukiwa tumekaa. Akasema basi kesho, mke wangu, kesho nitakuwa wako siku nzima.

Nimefurahi. Naliandika hili ili nilione: nilipokata simu nilifurahi kwamba ni kesho.

Alhamisi, 2 Mei

Naandika kwenye goti, kwenye benchi la hospitali. Nisipoandika nitapiga kelele.

Nilikuwa na mgonjwa kitandani. Simu ikaita. Mama. Hakusema halo. Alisema, "Njoo. Mlango uko wazi." Na sauti haikuwa ya Kengele wala ya mtu yeyote ninayemjua.

Nikamtoa mgonjwa sindano, nikamwacha anavaa, nikakimbia.

Alikuwa sakafuni, ameegemea kitanda, nguo ya kulalia imemkaa tumboni kama ngozi ya ngoma. Miguu na mikono mifupa mitupu, na tumbo lile katikati. Chupa ya haluli imebaki robo. Ndoo pembeni. Sitasema kilichokuwa kwenye ndoo, ila harufu yake haikuwa ya matapishi yanayotoka juu. Tangu juzi hakuna kilichopita chini, alisema. Hata upepo.

Akanishika mkono. "Umekuja nazo?"

Sikuelewa. Nini, Mama?

"Sindano zako. Zile zisizouma. Nichome, mwanangu."

Nilikuwa nazo. Kwenye mkoba, siku zote ninazo. Nikamwambia sina.

Jirani wa nguo akanisaidia kumbeba. Mumewe ana gari la kusambazia mikate, tukamlaza nyuma katikati ya makreti, kichwa chake mapajani kwangu. Kila shimo barabarani aliguna, lakini kwa kujizuia, kama mtu asiyetaka kusumbua darasa la jirani. Nikampigia mume wangu. Haipatikani. Tena. Haipatikani. Akiwa kwenye shimo la lifti simu haishiki. Nikamwachia ujumbe: mama yako, hospitali, njoo.

Mapokezi wamemwingiza haraka. Daktari ni msichana mdogo, nywele kazikaza nyuma, hajawahi kuchapwa na mtu. Alimpima vizuri, kwa upole, lakini tumbo limekaza, mkono haushiki kitu. Akauliza: hali hii imeanza lini?

Mama akasema, "Juzi."

Kabla ya hapo? "Nilikuwa mzima." Damu kwenye choo? "Hapana." Umekonda karibuni? "Mimi ni mwembamba tangu zamani." Kuna mahali ulitibiwa, kuna mtu amekupa dawa, amekufanyia chochote?

Hapo Mama akanigeukia. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu. Alikibana kidole changu, kwa nguvu ambazo sikudhani amebaki nazo, akamjibu daktari huku ananitazama mimi:

"Hakuna mtu aliyenigusa."

Ananilinda. Nilikuwa nimefungua mdomo, na macho yale yakaufunga. Kwa mara ya kwanza tangu niingie nyumba hii yuko upande wangu, yuko upande wangu kabisa. Daktari akasema inawezekana utumbo umejisokota ghafla, wakati mwingine hutokea, wanampeleka picha, kisha wataona kama ni kumpasua. Wakasukuma kitanda. Kidole kikaniachia.

Mume wangu amefika. Suruali ya kazi, grisi hadi viwikoni, ameacha nyayo nyeusi korido nzima na mfagizi anamtazama tu. Nikamwambia alivyosema Mama: juzi. Limetoka hivyohivyo, juzi. Akaniegemea begani. Akasema, ulijuaje kwenda kumwangalia? Mungu akulipe. Umewahi.

Umewahi.

Anakunywa maji sasa, hapa kando yangu. Anauliza naandika nini, nasema hesabu za kazini. Anasema mama ni mgumu, mama atatoka. Kifuniko cha chupa kinamshinda kufunga, kama Mama na kamba za viatu.

Mlango wa ndani umefunguka na kufungwa mara nyingi. Watu wa nguo za kijani wanaingia, hawatoki.

Muuguzi amechungulia. Picha hawaielewi. Daktari anakuja, anataka kuzungumza na mtu anayemjua mgonjwa vizuri, aliyekuwa naye miezi hii ya karibuni. Mume wangu ameshanyanyuka, anachomekea shati, anajifuta mikono kwenye suruali.

Nimemshika shati. Nimemwambia akae chini, mtu huyo ni mimi.